Kura Haijazi Ndiva: Namna ya Kupanga Hoja Mpaka Mkakubaliana Maji

Maswali mengi mnayonitumia siku hizi ni ya kantangaze na bei ya tenga. Leo tuache wadudu kidogo. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho nimekiona kwa macho yangu kikiua ekari moja na nusu ya nyanya ndani ya wiki moja, bila mdudu hata mmoja: makubaliano mabovu ya maji.

Somo la leo lina karatasi ya manila, maka peni, ndoo ya lita 20 na kikokotoo cha simu. Ukilimaliza utaweza kukaa na watu mnaogombea mfereji mmoja, mkaziweka hoja zote mezani, na mkajua ipi imesimama na ipi imeanguka. Hutahitaji kupiga kelele wala kupiga kura.

Kosa langu

Nianze na kosa, na kosa ni la kwangu mimi bwana shamba wenu.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye kijiji kimoja cha katikati ya mlima. Mfereji unatoka kwenye banio la kijito, unapita mashamba ya juu ya wazee, halafu unaishia kwenye ndiva. Chini ya ndiva kulikuwa na kikundi cha vijana tisa waliokodi ekari 6 na kupanda nyanya. Utaratibu ulijulikana tangu zamani: mchana maji ni ya mashamba ya juu, usiku milango yote inafungwa na maji yanaenda kujaza ndiva, asubuhi ndiva inafunguliwa kwa watu wa chini.

Kiangazi kile ndiva ikaanza kuamka ikiwa robo tu. Vijana wakapanda usiku na tochi, wakakuta milango miwili ya juu iko wazi. Kesho yake wakaleta pampu, wakataka kuifunga kijitoni, juu kabisa ya banio. Wazee wakasema pampu hiyo ikiwashwa, patachimbika.

Nikaitisha kikao. Nilikuwa na haraka, nilitaka muhtasari wa kupeleka ofisini. Watu walipoanza kupandishiana sauti nikasema, "Jamani, tupige kura." Vijana walikuwa wengi kwa sababu walikuja na vibarua wao. Wanaotaka pampu wakashinda vizuri tu. Nikaandika "imekubaliwa", nikapanda pikipiki, nikaondoka.

Siku ya tatu usiku mtu alibomoa lango la ndiva. Mpaka lijengwe upya wiki ilikuwa imepita, na zile nyanya zilikuwa kwenye maua. Mnajua wenyewe, nyanya ikikosa maji wakati wa maua haikusubiri, inadondosha. Kijana mmoja, ambaye ndiye aliyekopa hela ya pampu, alipoteza ekari moja na nusu. Sijawahi kusahau uso wake.

Kikao kilipata kura, lakini hakikupata makubaliano. Mzee aliyeshindwa kwa mikono alirudi nyumbani na sababu zake zote zikiwa nzima kifuani. Hakuna aliyezijibu, kwa hiyo aliona hajashindwa kitu.

Huku kwetu huwezi kukwepana

Kuna biashara ambazo ukigombana na jirani unaendelea na maisha yako. Kilimo cha umwagiliaji Upareni siyo mojawapo. Mji wa Same uko kwenye ukame wa chini, na juu yetu kuna milima inayofika mita 2,462 pale Shengena. Mvua inapendelea juu, ardhi tambarare iko chini. Maji yote ya kiangazi yanateremka kupitia shamba la mtu mwingine kabla hayajafika kwako.

Wazee wetu walilijua hilo, ndo maana wakajenga ndiva. Kijito kidogo cha mchana na usiku hakina nguvu ya kusukuma maji mpaka mwisho wa shamba. Ukikikusanya usiku kucha ukakifungulia kwa mkupuo, kinafika. Lakini ndiva inafanya kazi kwa sharti moja: mtu wa juu akubali kufunga lango wakati wewe umelala. Na yeye anakuhitaji wewe pia, maana mfereji ukibomoka hawezi kuuzibua peke yake, anahitaji mikono yenu kwenye msaragambo.

Hao ndo watu wanaotegemeana. Hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake muda wote, na hakuna anayeweza kujitoa. Kwa watu wa namna hii makubaliano ya nguvu hayadumu, kwa sababu anayeonewa ana panga, ana giza, na lango liko karibu na kwake. Yanayodumu ni yale ambayo kila upande unaweza kuyaeleza nyumbani kwake ukasema "tulikubali hivi kwa sababu hii."

Hoja ina viungo vinne

Mtu akisema "nataka maji" hajatoa hoja, ametoa haja. Mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, mwaka 1958 aliichambua hoja katika sehemu sita. Kwa kazi zetu za shambani mimi huchukua nne:

1. Dai. Unataka nini? "Milango ya juu ifungwe usiku."
2. Ushahidi. Umeona nini? "Asubuhi tatu mfululizo ndiva imeamka robo."
3. Kiunganishi. Kwa nini ushahidi huo unabeba dai hilo? "Utaratibu wa mfereji huu ni kwamba usiku maji ni ya ndiva."
4. Isipokuwa. Ni lini dai lako halifanyi kazi? "Isipokuwa mvua imenyesha na kijito kimejaa."

Sehemu ya tatu ndiyo watu huimeza. Wanarusha ushahidi na dai, wanadhani kiunganishi kinajulikana. Kumbe ugomvi mwingi umejificha hapo hapo. Na sehemu ya nne wengi wanaiogopa, wanaona kama unajipunguzia nguvu. Si kweli. Anayetaja mwenyewe mipaka ya dai lake anaaminika kuliko anayetaka kila kitu.

Namna tatu za kuipinga hoja

Ya kwanza, unapiga ushahidi: "Hapana, juzi ndiva ilijaa, nilipita hapo alfajiri."

Ya pili, unapiga dai kwa sababu ya kinyume: "Ni kweli usemayo, ila pampu hiyo itakausha mfereji wetu."

Ya tatu, unapiga kiunganishi: "Ushahidi wako ni kweli, lakini haukufikishi hapo unapotaka kufika." Hii ndiyo kali kuliko zote, na Wapare tuna historia nayo. Miaka ya 1940 ilipoletwa kodi ya mbiru, ya kila mtu kulipa kwa kadiri ya mali yake, watu walihoji mali hiyo inakadiriwaje, kwa kipimo gani, na nani. Ugomvi haukuwa kulipa au kutolipa. Ulikuwa juu ya namna ya kukadiria. Mwaka 1945 maelfu waliteremka mpaka hapa Same kudai majibu, na wanawake nao baadaye wakaandamana. Mwishowe mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliandika habari hiyo, itafute uisome. Swali la "umefikaje hapo?" lina nguvu kuliko "sitaki."

Halafu kuna vitu vinavyofanana na pingamizi lakini si pingamizi. "Wewe umekodi tu." "Huyu mtoto wa juzi." "Wazee hamjui biashara." Hayo yanampiga mtu, hoja inabaki pale pale. Kwenye karatasi hayaandikwi.

Na nyie vijana, nawaomba sana: ukipinga hoja ya mzee, mpe mzee heshima yake kwanza. "Shikamoo mzee. Nimekuelewa kwamba mchana maji ni yenu. Naomba nielewe hapa padogo…" Ukirudia hoja yake vizuri mpaka yeye mwenyewe akaitikia, hapo ndipo una ruhusa ya kuipiga. Mara nyingi utagundua ulikuwa unaipiga hoja ambayo hakuisema.

Kanuni ya mishale

Sasa shika maka peni. Mwaka 1995 msomi mmoja Mvietnam, Phan Minh Dung, aliyekuwa akifundisha Thailand, alichapisha makala kuhusu namna ya kuamua hoja zipi zikubalike pale zinapopingana. Siku hizi watu wa kompyuta wanaitumia kazi yake kutengeneza programu zinazojadiliana zenyewe. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kompyuta.

Kila hoja iandike kwenye duara lake, iite kwa herufi. Hoja moja ikipiga nyingine, chora mshale. Usiandike nani kasema. Kisha fuata hatua tatu:

- Kwanza: hoja ambayo hakuna mshale unaoipiga, inasimama.
- Pili: hoja inayopigwa na hoja iliyosimama, inaanguka.
- Tatu: hoja ambayo zote zinazoipiga zimeanguka, inasimama tena.

Rudia mpaka hakuna kinachobadilika. Zinaweza kubaki zinazopigana zenyewe kwa zenyewe, hii inapiga ile na ile inapiga hii, bila wa tatu. Hizo karatasi haiziamui. Zinasubiri kipimo kipya, au zinakwenda kwenye majadiliano.

Kumbuka, "imesimama" haina maana ni ukweli wa milele. Maana yake ni kwamba mpaka sasa hakuna aliyeweza kuijibu. Kesho mtu akija na jibu, chora mshale mpya.

Kikao cha pili

Nilirudi kule kijijini baada ya lango kubomolewa. Niliomba radhi kwanza, mbele ya wote. Kisha nikabandika manila ukutani, nikasema leo hakuna kura. Zilitoka hoja hizi:

A. Pampu ifungwe juu ya banio, kwa sababu ndiva haijai na nyanya ziko kwenye maua.

B. Pampu isifungwe, kwa sababu itakausha mfereji, na kwa utaratibu wa zamani maji ya mchana ni ya juu. *(B inapiga A.)*

C. Utaratibu wa zamani hauwezi kutumika kutuzuia, kwa sababu nyie wenyewe mmeuvunja kwa kufungua usiku. *(C inapiga B.)*

D. Hatukuuvunja kwa kupenda. Mashamba ya mwisho wa mfereji hayafikiwi na maji ya mchana, bila kufungua usiku hayapati kitu. *(D inapiga C.)*

Hapo pakawa kimya. Nikamwona mama mmoja, mwenye shamba la mwisho kabisa upande wa juu, amenyoosha mkono. Akasema: "Mimi siku ile pia nilinyoosha mkono, nilitaka kusema. Mkanihesabu."

Jamani. Mkono wake niliuhesabu kama kura. Alichotaka kusema ni hiki:

E. Maji hayafiki kwa sababu mfereji umebomoka sehemu moja tangu masika, yanazama pale. Msaragambo haujaitishwa. Mkiziba pale hakuna haja ya kufungua usiku. *(E inapiga D.)*

Na mwenyekiti wa kitongoji akaongeza:

F. Chini ya banio kuna watu wanachota kijitoni maji ya kunywa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya nyumbani. Tena kuvuta maji ya kijito kwa pampu kwa ajili ya biashara kunataka kibali, na hatuna. *(F inapiga A.)*

Kijana mmoja akaruka: "Na mfereji wenu una kibali?" Watu wakacheka, swali zuri. Lakini angalia karatasi. Hata kama mfereji hauna kibali, je, pampu inapata kibali kwa hilo? Haipati. Kwa hiyo mshale huo haufiki kwenye F. Tuliuandika pembeni kama kazi ya kufuatilia kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Hiyo ndiyo faida ya kuchora: unaona mkuki uliorushwa kwa kelele nyingi ukapita pembeni.

Lakini E nayo ilikuwa maneno tu mpaka ipimwe. Tulitoka wote, wazee na vijana, tukafunga milango yote. Pale banioni tuliziba kwa udongo, tukapitisha maji kwenye kipande cha bomba na kukinga kwa ndoo ya lita 20: ilijaa kwa sekunde 4. Hizo ni lita 5 kwa sekunde. Tukafanya hivyo hivyo pale mfereji unapoingia kwenye ndiva: sekunde 10. Lita 2 kwa sekunde. Lita 3 katika kila 5 zilikuwa zinazama njiani, huku watu wanaviziana usiku na tochi!

Sasa tembeza kanuni. F na E hazina mshale, zinasimama. F inaiangusha A. E inaiangusha D. D ikianguka, C haina anayeipiga tena, inasimama. C ikisimama, B inaanguka.

Soma matokeo polepole. Pampu ya vijana imeanguka. Kufungua usiku kwa wazee nako kumeanguka. Hata ile B, ngao ya "utaratibu wa zamani", imeanguka, na si kwa sababu utaratibu ni mbaya, ila aliyeuvunja hawezi kuutumia kumzuia mwenzake mpaka uwekwe upya. Mzee mmoja hakuipenda hiyo. Aliitazama karatasi muda mrefu, akasema, "Basi tuuweke upya." Ningempa kura mia moja hasingelitamka neno hilo.

Hapo ndo mnajadiliana

Karatasi ya mishale haigawi maji. Inasafisha uwanja tu, ili mnapoanza kupatana mpatane juu ya kitu cha kweli. Watu wengi wanaanza kupatana bei kabla hawajajua wanachouza. Mpangilio wangu siku hizi ni huu: kwanza kupima, pili kujibizana hoja, tatu kupatana. Usizichanganye.

Kwenye kupatana, badala ya kung'ang'ania "nataka usiku saba", kila upande useme anachokihitaji na kwa nini. Mashamba ya mwisho ya juu yalikuwa na bustani za mboga, yalihitaji usiku mmoja au miwili kwa wiki. Vijana walihitaji ndiva ijae. Tulikisia kwamba mfereji ukizibwa maji ya kuingia ndivani yatafika lita 4 kwa sekunde. Baada ya msaragambo tulipima tena, ndoo ikajaa kwa sekunde 5, tulikuwa sahihi.

Fuatana nami kwenye hesabu, hii itakusaidia popote ulipo:

- Lita 4 kwa sekunde, kwa saa 12 za usiku, ni kama mita za ujazo 173. Usiku tano ni kama 864 kwa wiki.
- Milimita 1 ya maji juu ya ekari moja ni kama mita za ujazo 4. Nyanya iliyokomaa kiangazi tuliikadiria milimita 5 kwa siku. Kwa wiki hiyo ni 35, yaani mita za ujazo 140 kwa ekari. Ekari 6 ni 840.

Vijana wakashangilia, 864 inazidi 840! Subiri. Kwa mifereji ya shambani si maji yote yanafika kwenye mzizi. Tukichukua asilimia 60, zinazofaa ni 518, zinatosha ekari 3.7. Kwa umwagiliaji wa matone, tukichukua asilimia 90, zinafaa 778, zinatosha ekari 5.5.

Yaani hata wakipewa usiku tano, hata mtu yeyote asipoiba tone, ekari 6 zilikuwa nyingi mno kwa maji yale. Hoja ngumu kuliko zote siku ile haikutoka kwa mzee yeyote, ilitoka kwenye kikokotoo cha simu ya mmoja wao. Vijana wangu, mnaokodi mashamba kiangazi: pima maji kabla hujalipa kodi ya shamba. Ukilima ekari zisizo na maji utakuja kugombana na watu wasio na kosa.

Tulimaliza hivi: vijana watoe saruji na nguvu kazi kubwa kwenye msaragambo, wazee wafunge usiku tano na kubaki na mbili, vijana walime ekari zisizozidi 4 mpaka wafunge matone, na pampu itumike kutoa maji ndivani kwenda shambani tu, isiguse kijito.

Andika neno "kwa sababu"

Hili ni fupi lakini likamate. Mihtasari mingi ya vikao inaandika kilichokubaliwa bila sababu. Sisi tuliandika kila kipengele na sababu yake: "Usiku tano ni za ndiva *kwa sababu* maji yanaingia lita 4 kwa sekunde na mboga za juu zinatosheka na usiku mbili. Yakipungua chini ya lita 3, tunakutana ndani ya siku tatu."

Mwaka huo vuli ilichelewa, kijito kikashuka. Kwa kikao changu cha kwanza hapo ndipo mapanga yangetoka. Safari hii vijana walipima kwa ndoo, wakapeleka namba kwa mzee wa mfereji, watu wakakaa. Usiku za ndiva zikawa nne, mboga za juu zikapunguzwa eneo. Hakuna aliyefurahi, lakini hakuna aliyebomoa lango. Sababu ikibadilika, kipengele kinabadilika, na makubaliano yanabaki.

Sitawadanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Yule kijana wa pampu hakurudi msimu uliofuata, deni lilimshinda, nasikia anaendesha bodaboda mjini. Hoja yake A ilianguka kwa haki. Nyanya zake hazikuanguka kwa haki, zilianguka kwa sababu mimi nilikuwa na haraka.

Pale njia hii inapokomea

Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa: inaamua kati ya hoja zilizoletwa tu. Asiyekuwepo kikaoni hana mshale.

Angalieni bonde la mto Makanya. Marloes Mul na wenzake, katika makala waliyochapisha mwaka 2011, walieleza jinsi wakulima wa milima hii walivyojitengenezea wenyewe makubaliano ya maji kati ya mfereji na mfereji, na kati ya vijiji jirani. Lakini makubaliano hayo hayakufika mbali mpaka kijiji cha Makanya kule chini tambarare, ambako wakulima wamebaki kutegemea maji ya mafuriko. Watu wa juu na wa katikati wanaonana sokoni, kanisani, msikitini, msibani. Wa chini kabisa hawaonekani, kwa hiyo hoja zao hazisikiki.

Ndiyo maana F ilinifundisha kitu. Waliokuwa wanachota kijitoni hawakuwepo kikaoni, mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyewasemea. Asingekuwepo, A ingesimama, na karatasi yetu nzuri ingebariki pampu. Kwa hiyo kabla hujatembeza kanuni, uliza: chini yetu kuna nani? Kama hawezi kuja, mteue mtu aseme kwa niaba yake, kwa dhati, kana kwamba ni shamba lake. Na Jumuiya ya Watumia Maji kama ipo kwenu, hapo ndipo pa kuanzia.

Zoezi la wiki

Chukua mgogoro mmoja mnaoujua, wa maji, wa mipaka, wa mbuzi, hata wa mgao wa faida ndani ya kikundi chenu. Andika hoja zisizopungua tano kwa herufi, bila majina ya watu. Chora mishale. Tembeza kanuni tatu. Kisha jiulize maswali mawili: ni hoja gani inaweza kupimwa kwa ndoo, kamba au mizani lakini haijapimwa? Na ni nani aliyenyoosha mkono mkamhesabu badala ya kumsikiliza?

Nipigieni picha karatasi zenu mnitumie, nitazipitia mwenyewe moja moja. Wiki ijayo tunarudi kwa kantangaze, naahidi. Kazi njema, na fungeni malango usiku.